Ghala Lililoungua Mara Mbili

Ghala liliungua Jumanne mchana, watu wote wakiwa na sahani za wali mapajani. Lilijengwa liungue, hilo halina ubishi. Lakini lilipangwa liungue Alhamisi, mbele ya kamera mbili, mwongozaji akishatoa amri. Badala yake liliwaka lenyewe, bila kamera, bila mtu karibu, na kabla wapiga picha hawajatupa sahani zao chini, paa la nyasi lilikuwa limeshakaa chini kama mbuzi aliyechoka.

Sajini Mikaeli aliwasili kutoka Handeni saa kumi, pikipiki imegeuka nyekundu kwa vumbi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kunyamaza mpaka mwenzake aone aibu ya kunyamaza. Alivua helmeti, akalizunguka jivu mara moja, akanusa.

"Bisi," alisema.

"Ni mahindi, afande." Aliyejibu alikuwa Bernadina, mwongozaji, mwanamke mrefu wa Dar es Salaam mwenye kofia ya ukili. "Yaliyobunguliwa. Nilinunua magunia kumi nikayapanga humo ndani. Sitaki watu waje waniambie ghala langu lilikuwa tupu. Mimi kwenye kazi yangu, mwigizaji akivaa saa ya siku hizi, narudia picha nzima."

"Kazi yenyewe inahusu nini?"

"Tamthilia ya televisheni. *Nani Alichoma Ghala*. Kisa cha kweli, kilitokea hapahapa kijijini Juhudi, mwaka sabini na nne."

"Haya. Nani alichoma ghala?"

"Lipi, afande? La leo au la zamani?"

Mikaeli alitafuta gogo, akaketi. "Tuanze na la zamani."

Bernadina alieleza vizuri, maana ndiyo kazi yake. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu wa mabondeni walitolewa kwenye makazi yao, wakaletwa kwa malori kuishi pamoja Juhudi, mwendo mfupi kutoka Kabuku. Mvua ilikuwa imegoma. Chakula cha kijiji kilikuwa ndani ya ghala moja lenye kufuli moja. Alasiri moja kijiji kizima kilikuwa mkutanoni, kikiimba nyimbo za TANU, ghala likawaka. Mtu mmoja tu hakuonekana mkutanoni: Mbaruku, mkulima aliyekuwa akisema wazi kwamba kuhama hakutaki. Walimkamata jioni ileile. Alifia mahabusu kabla kesi haijasikilizwa, akikana mpaka pumzi ya mwisho.

"Na la leo?"

Bernadina alitazama upande wa jikoni, kwenye turubai. "Leo sote tulikuwa tunakula. Mimi, mafundi, waigizaji, Mzee Sadala mshauri wetu. Aliyekosekana ni mmoja. Mpishi, Chausiku." Alisita. "Ni binti wa Mbaruku."

Simu ya Mikaeli iliita. Ilikuwa sauti ya kituoni, ya mkubwa wake, na haikuwa ndefu: huyo mama aletwe kesho jioni, afunguliwe shtaka la kuchoma mali, mambo yaishe. Mikaeli akajibu, "Ndiyo, mkuu," akairudisha simu mfukoni, akaenda jikoni.

* * *

Chausiku alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga kana kwamba sufuria ndiyo iliyomsingizia. Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga imefungwa kiunoni kwa kazi.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza, dada. Ulikuwa wapi ghala likiwaka?"

"Lamboni, nachota maji. Ya kisima hiki yana chumvi. Mzee Sadala alisema chai hainyweki, wageni wataharisha. Nikabeba ndoo nikaenda."

"Kuna aliyekuona huko?"

"Ng'ombe wa Wamasai. Waulize."

Mikaeli alitabasamu kidogo. "Watu wanasema mna ugomvi, wewe na Bernadina."

"Kila siku ya Mungu! Wamemweka mwigizaji, kisura kizuri, wamempa debe la mafuta ya taa mkononi, eti ndiye baba yangu. Baba hakubeba debe. Baba alibeba mlango!"

"Mlango upi?"

Chausiku aliacha sufuria. Sauti yake ilishuka. "Walipotuhamisha, lori lilijaa. Mlango wetu ukabaki kwenye nyumba ya zamani. Mlango wa mninga, aliuchonga mwenyewe kwa ajili ya mama. Alikuwa haombi kingine, aliomba mlango wake tu. Usiku wa kuamkia mkutano alikuja mtu uani, akanong'ona na baba. Sikumwona. Asubuhi baba akasema amepewa ruhusa ya kwenda kuuchukua. Wanamgambo walimkuta njiani anarudi, mlango kichwani, jasho linamtoka. Wakasema jasho la kukimbia moto. Sasa niambie, afande, mtu anayetoka kuchoma ghala anajitwika mlango?"

"Ulimweleza Bernadina?"

"Mwanzo hakusikia. Juzi ndiyo alisikia. Jana jioni aliwaambia wenzake kwamba mlango utaingia kwenye picha, na kwamba Jumatano atawaita wazee wote wa mwaka ule, waingie ndani ya ghala mmoja mmoja, waseme wanachokumbuka, kamera ikiwatazama. Mimi nililia kwa furaha. Leo ghala hakuna. Ningetaka kuchoma kitu, si ningechoma lile debe lao?"

Mikaeli alikuwa anageuka kuondoka. Chausiku akaongeza, taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Lakini harufu ile ilinisimamisha njiani."

"Harufu ya bisi?"

"Eee. Mwaka ule haikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na njaa, siwezi kusahau. Palinuka nyasi tu. Jivu lilipopoa, sisi watoto tulilichambua kwa vidole, tukitafuta mahindi yaliyokaangika. Hatukuambulia hata punje. Wakubwa wakasema, moto ulikuwa mkali, umeyala yote."

Mikaeli alirudi kwenye jivu, akachukua fimbo, akapasua gunia moja lililoungua. Juu lilikuwa mkaa mtupu. Chini ya mkaa mahindi yalikuwa ya kahawia, na katikati yalikuwa meupe kama yalivyotoka dukani. Alitafuna punje mbili, akatikisa kichwa. Hakuna moto wa nyasi unaoweza kumaliza mahindi ya gunia.

* * *

Mtu wa pili alikuwa Kaleb, fundi aliyelijenga ghala. Huyo alijitetea kabla hajaulizwa.

"Najua wamekwambia nini. Ndiyo, nilisema nitalichoma mwenyewe. Nilisema mbele za watu. Mama Bernadina kanibomoesha mara mbili! Mara ya kwanza nimetumia misumari: mwaka sabini na nne kijijini misumari haikuwepo, funga kwa kamba. Mara ya pili nimeweka nguzo za milingoti ya mkonge, ile miti mirefu ya maua yake, maana ni nyepesi na rahisi: Mzee Sadala kakataa, eti ghala lilikuwa la miti ya porini, mlingoti haukuwemo hata mmoja. Ng'oa! Nikang'oa yote, nikaipeleka Kabuku kwa mtu wa banda la kuku."

"Unavuta sigara?"

"Navuta. Lakini nilikaa ubavuni kwa Mama Bernadina tangu wali ulipopakuliwa, namwomba nyongeza ya mafuta ya gari. Muulize. Hakunipa."

"Na mafuta ya taa ya Alhamisi?"

Kaleb alimpeleka kwenye gari. Madebe mawili, vizibo havijafunguliwa, yamejaa mpaka shingoni. Basi mafuta hayakutumika, na Kaleb alikuwa na shahidi asiyempenda, ambaye ndiye shahidi mzuri kuliko wote.

Walirudi pamoja mpaka nyuma ya ghala. Pale kona ya nyuma, kwenye majani mabichi, kilikuwa kimeanguka kipande cha mti kisichozidi mkono wa mtu. Nje kilikuwa cheupe, kisafi. Mikaeli alikiinua, akakitazama kwa ncha. Ndani kilikuwa shimo jeusi, kimeliwa na moto kutoka upande mmoja karibu mpaka mwingine.

"Mlingoti wa mkonge," alisema.

"Haukutoka kwangu, afande. Nimekwambia, niliondoa wote!"

"Ndiyo. Ndiyo maana naupenda."

Baba yake Mikaeli alikuwa mkata mkonge katika mashamba ya Korogwe, na siku za mapumziko alikwenda kurina asali. Asubuhi aliwasha ncha ya mlingoti mkavu, akatembea nao begani maporini. Moyo wa mlingoti hauna mwali. Unashika moto ndani kwa ndani, unatambaa polepole kama mtu mwenye siri, na ukifika kwenye mzinga mchana, unauvunja mlingoti katikati, unaupuliza, unatoka moshi wa kufukuzia nyuki. Kila aliyewahi kufanya kazi ya mkonge anaujua.

Na mlingoti unaofuka ukichomekwa kwenye nyasi za paa, mwenye kuuchomeka ana nafasi ya kunawa mikono, kuketi na kula wali pamoja na wenzake. Akionekana na wote. Kijiji kilikuwa kimemtafuta mtu aliyekosekana, mwaka ule na leo hii. Kumbe wa kutafutwa ni yule aliyehakikisha anaonekana.

* * *

Jumatano asubuhi alikwenda Kwamndolwa, mjini Korogwe, kwenye nyumba waliyopanga watu wa tamthilia. Alimwomba Bernadina amwonyeshe mikanda ya wiki zilizopita. Walikaa mbele ya televisheni ndogo, wakinywa chai isiyo na chumvi.

Mkanda wa kwanza ulimwonyesha Mzee Sadala akihojiwa: mzee nadhifu, kofia nyeupe, ndevu zimechanwa. Alikuwa akisema, "Mimi nilikuwa mkutanoni, mstari wa mbele, karibu na mwenyekiti. Tuliposikia kelele tukakimbia wote. Tulipofika, paa lilikuwa limeshaanguka. Hapakuwa na cha kuokoa."

"Anaongea vizuri, eti?" alisema Bernadina. "Yule ndiye aliyetusahihisha kila kitu. Mwigizaji wangu alitamka CCM, mzee karuka kitini: TANU, mwanangu, TANU! Kibatari, bakuli, namna mgambo alivyofunga mkanda wa kiunoni. Hakosei."

Mkanda wa pili ulikuwa wa mazoezi. Mwigizaji alikuwa akipeleka mwenge wa uongo mlangoni mwa ghala, mara Mzee Sadala akaingia kwenye picha, amekunja uso kama mwalimu.

"Siyo hapo! Mnaharibu. Moto haukuanzia mlangoni. Ulianzia huku nyuma, kona hii, juu, chini ya nyasi. Kwanza ukatoa moshi mwembamba, wa buluu. Ukakaa, ukakaa. Ndipo ukawaka, ukakimbilia mbele."

Mikaeli aliweka kikombe chini. "Rudisha hapo."

Bernadina alirudisha. Akaangalia. Mkono wake ulibaki hewani na rimoti.

"Mungu wangu," alisema.

"Mtunza ghala mwaka ule alikuwa nani?"

"Mzee Sadala mwenyewe. Alituomba tusimtaje jina, eti ni unyenyekevu."

* * *

Alasiri walikusanyika Juhudi, mbele ya jivu. Mikaeli hakuwa na pingu mkononi wala ukali usoni. Chausiku alisimama kando na kitita chake cha nguo, maana alishaambiwa kwamba jioni atapelekwa kituoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu." Mzee Sadala alimtazama Chausiku, akatikisa kichwa kwa huruma. "Damu ni damu. Inauma, lakini ndiyo hivyo."

"Mzee, mimi ni mtu wa Korogwe, ya hapa siyajui. Nisaidie nisije nikaandika uongo. Mwaka ule moto ulianzia wapi?"

"Kona ya nyuma. Pale."

"Juu au chini?"

"Juu, chini ya nyasi za paa. Nimewaambia hawa watoto mara nyingi, wanapenda kuanzisha mlangoni ili ipendeze."

"Ulitoa moshi kwanza?"

"Moshi mwembamba."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni, mstari wa..." Mzee Sadala alicheka. "Mkutanoni. Niliambiwa."

"Na nani? Kijiji kizima kilikuwa mkutanoni. Mlipofika paa lilikuwa chini, wewe mwenyewe umesema kwenye kamera. Aliyeuona ule moshi mwembamba ni nani?"

"Mbaruku. Alisema."

"Muongo!" Chausiku alipiga hatua. "Baba hakusema kitu! Walimpiga aseme, hakusema kitu, kwa sababu hakuwa na la kusema!"

Mikaeli aliinua mkono taratibu, na Chausiku akarudi nyuma. Kisha akakitoa kile kipande cha mlingoti, akakiweka juu ya gogo, mbele ya mzee, kama mtu anayetenga chakula.

"Hiki nimekiokota kona hiyohiyo. Kaleb hakutumia mlingoti hata mmoja. Ulimkataza wewe, mzee, na ulikuwa sahihi. Kwa hiyo hiki kililetwa na mtu. Ulifanya kazi wapi kabla ya kuja kutunza ghala?"

Kaleb ndiye aliyejibu, mdomo wazi: "Mkonge! Si ulituambia mwenyewe mzee, ulikata mkonge ujana wako, ukatuonyesha na makovu ya miiba!"

"Jana ulisema chai ina chumvi," Mikaeli aliendelea, sauti ileile ya chini. "Chausiku akaenda lamboni. Nimeuliza waliokunywa chai ile. Hakuna mwingine aliyelalamika. Walikuona ukienda kuswali nyuma ya ghala, ukarudi, ukakaa katikati ya watu. Na mwaka sabini na nne alikuja mtu kumnong'oneza Mbaruku kwamba sasa anaweza kwenda kuchukua mlango wake. Ulihitaji mtu mmoja akosekane."

"Nichome chakula cha kijiji kwa sababu gani?" Sasa sauti ya mzee ilikuwa imekwaruza. "Gunia mia moja! Na mimi nilikuwa na njaa kama wao!"

"Dada Chausiku," Mikaeli alisema, "mwambie mzee kuhusu harufu."

Chausiku alimtazama Sadala machoni. "Jana palinuka bisi mpaka barabarani. Siku ile palinuka nyasi. Tulichambua jivu, mzee, mimi na wanao. Tulikuwa wote na njaa. Hapakuwa na punje. Mahindi yetu yalikuwa wapi?"

Upepo ulipita ukainua jivu kidogo, ukaliacha. Mzee Sadala alivua kofia yake nyeupe. Bila kofia alionekana mdogo na mchovu.

"Yalikwisha kwenda," alisema. "Malori yalikuwa yanasimama barabarani Kabuku. Madereva walitaka kununua gunia moja, baadaye mawili. Kila mara nilisema mvua ikinyesha nitarudisha. Mvua haikunyesha. Kisha tukaambiwa wakaguzi wanakuja kesho kutwa, ghala lifunguliwe mbele ya watu. Nilikuwa kijana. Nikasema, likiungua halitafunguliwa."

"Kwa nini baba?"

"Kwa sababu alikuwa anasema ovyo kila mahali kwamba hataki kijiji. Nilijua wataamini. Sikudhani atakufa. Nilidhani watamfunga miezi, watamwachia." Alipangusa uso kwa kofia. "Walipokuja hawa na kamera zao, niliogopa, halafu nikafikiri: nikiisimamia hadithi mwenyewe, haitanigeuka. Nikataka iwe nzuri. Iwe sahihi. Nilifurahia kuwasahihisha, mpaka juzi niliposikia wazee wote wataitwa ghalani na mlango utatajwa; hapo nikaona bora liungue tena. Kumbe ulimi ulikuwa unakwenda mbele yangu."

"Na jana ukataka kumfanyia mtoto ulichomfanyia baba," alisema Mikaeli. Ni hapo tu sauti yake ilipopanda, ikarudi chini palepale. "Simama, mzee. Twende."

Mzee Sadala alisimama. Alipopita mbele ya Chausiku alitaka kusema neno, lakini Chausiku alikuwa ameshainama, anafungua kitita chake, anatoa kanga yake ya kazi.

* * *

Ghala la tatu Kaleb alilijenga kwa siku nne, akilalamika kwa sauti, bila msumari hata mmoja. Safari hii halikuwekwa mahindi ndani. Bernadina aliamuru libaki tupu.

Mikaeli alipata nafasi ya kuja kuangalia siku ya picha ya mwisho. Alimkuta Bernadina amesimama mlangoni kwa Chausiku, kofia mkononi, anaongea kama mtu anayepeleka posa.

"Naweza kutengeneza mlango wa mbao za kawaida, tukaupaka rangi. Watazamaji hawatajua."

"Mimi nitajua," alisema Chausiku. Akaingia ndani, akatoka na nyundo, akaanza kuzing'oa bawaba za mlango wake mwenyewe. Ulikuwa uleule wa mninga, mweusi kwa moshi na mikono ya watu. Mama yake aliuokota pale njiani walipomkamatia mumewe, akauburuta peke yake mpaka kijijini.

Kamera iliwaka. Mwigizaji alitokea kwenye njia ya vumbi, mlango kichwani. Nyuma yake, mbali, moshi mwembamba wa buluu ulikuwa unapanda kutoka kwenye kona ya ghala.

"Simama!" Chausiku aliingia katikati ya picha, na hakuna aliyethubutu kumtoa. "Siyo hivyo, umeufunika uso. Aliubeba kichwani kwa ubavu, hivi. Ili aone njia."

Walirudia. Mwigizaji akaja tena, mlango kwa ubavu, shingo imekaza, jasho la kweli likimtiririka, akapita mahali wanamgambo wa tamthilia walipomsubiri. Bernadina alitoa amri ya kukata. Wanamgambo wakavua kofia zao, mtu akapiga makofi. Mwigizaji alikunja magoti ili autue mzigo.

"Usiutue," alisema Chausiku.

Kijana alimtazama, hakuelewa.

"Baba aliishia hapo. Nyumba ile kule, isiyo na mlango, unaiona? Ufikishe."

Kijana aliuweka sawa kichwani, akaanza kutembea. Mikaeli alivua helmeti, akamfuata nyuma, na Kaleb akafuata na nyundo yake mkononi.